Mtoto anataka 'Nemo' sebuleni? Anza na vipimo, soketi na subira

Moshi. Siku ya tatu baada ya samaki kufika, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka sita, alinivuta mkono hadi sebuleni kwao, Rau. "Mama mdogo, njoo uone, Nemo amelala," aliniambia.

Nemo hakuwa amelala. Alikuwa anaelea ubavu, na mwenzake alikuwa chini kando ya jiwe.

Dada alikuwa amefanya kila kitu kwa upendo na kwa haraka. Alinunua tangi la kioo la lita 20, pampu ndogo ya hewa, taa ya buluu na samaki wawili walioletwa kwa basi kutoka pwani. Maji aliyachanganya na chumvi siku hiyohiyo, samaki wakatiwa ndani jioni.

Kilio cha mtoto kiliuma. Lakini kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya, macho yangu yalikwama mahali pengine. Chini ya meza kulikuwa na eksitensheni ya matundu manne, imelala sakafuni, na juu yake kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Mtoto alikuwa amesimama hatua moja kutoka hapo, miguu mitupu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa tangi la maji ya bahari, kuchagua jembe ni nusu ya kilimo. Kila kifaa kinafanya kazi ambayo bahari huifanya bure: kutunza joto, kusukuma maji, kusafisha na kumulika. Kikikosekana kimoja, viumbe hufa. Kikifungwa vibaya, anayedhurika anaweza kuwa mtoto.

Kama mwanao ameona filamu ya Finding Nemo na sasa hakupi usingizi, soma haya kabla ya kutoa pesa.

Tangi dogo sana ni gumu zaidi

Wazazi wengi hudhani tangi dogo ndilo rahisi kwa anayeanza. Ukweli ni kinyume. Katika lita 20, chakula kidogo kilichobaki, mchana mmoja wa joto au lita moja iliyokauka hubadilisha maji yote kwa haraka. Maji mengi hukupa muda wa kugundua kosa na kulirekebisha.

Kwa anayeanza, lenga lita 80 hadi 100. Fundi vioo mzuri anaweza kukutengenezea tangi la urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40, kwa kioo cha milimita 6. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu, kwa sababu ile ya bafuni ni sumu kwa samaki. Likikauka, lijaze maji ya kawaida nje ya nyumba na liache siku kadhaa uone kama linavuja.

Usisahau uzito. Tangi hilo likiwa na maji, mawe na mchanga linazidi kilo 120. Meza ya televisheni haliwezi. Tengeneza stendi ya chuma au mbao nzito, iwe sawa pande zote na ifungwe ukutani ili mtoto akipanda au kuvuta isimwangukie. Liweke mbali na dirisha linalopigwa na jua.

Chumvi ya jikoni haifai

Maji ya bomba Moshi yanatoka kwenye chemchemi na visima vya mlima. Kwa kunywa ni sawa, lakini yamepita kwenye miamba ya volkano na yanaweza kubeba silika, ambayo hulisha uchafu wa kahawia kwenye vioo. Klorini ya kutibu maji nayo huua viumbe wa bahari. Wafugaji wa matumbawe hutumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa RO, kama ule wa baadhi ya wauza maji ya kunywa. Ukinunua kwao, uliza kama hawarudishi madini baada ya kuchuja.

Chumvi ya mezani ina madini joto na haina kalsiamu na magnesi ya kutosha. Hata chumvi ya mawe inayovunwa pwani haitoshi, kwani ikishaganda, sehemu kubwa ya madini mengine hubaki kwenye maji yanayomwagwa. Unahitaji chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya matumbawe.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Tangi la lita 96, ukitoa nafasi ya mawe, hubeba lita 80 hivi, yaani karibu kilo 3 za chumvi kulijaza mara ya kwanza. Usikisie kwa kuonja. Nunua rifraktomita, kifaa kidogo cha kupima chumvi kwa tone la maji, na lenga 1.025.

Maji yakikauka, chumvi haiondoki nayo. Kwa hiyo kila siku unaongeza maji yasiyo na chumvi mpaka kwenye alama uliyochora kwenye kioo. Na magadi yabaki jikoni kwenye kiburu. Mtu akikushauri uyatie kwenye tangi kupandisha pH, kataa, kwani kipimo kikikosewa kidogo tu pH inaruka ghafla.

Vipimo vitangulie samaki

Hapa ndipo dada yangu alipokwama. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni hatari, kisha kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Hata chumvi ingekuwa sahihi, samaki wale walikuwa wanaogelea kwenye choo chao.

Bakteria hao huhitaji muda, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Unaweka maji, mchanga wa chokaa na mawe makavu au ya kauri, unawasha pampu na hita, unatia punje chache za chakula, halafu unasubiri. Mchanga mweusi wa mito yetu usiutumie, kwani una madini ya chuma.

Nunua vipimo vya amonia, nitriti, nitrati, pH na alkali. Amonia ikipanda, ikashuka, nitriti ikapanda, ikashuka, na zote mbili zikabaki sifuri, hapo tangi liko tayari kwa konokono, kisha samaki mmoja. Pesa ikiwa ndogo, punguza mapambo, usipunguze vipimo.

Hita mbili ndogo, pampu na taa

Matumbawe hupenda nyuzi joto 24 hadi 27. Usiku wa Juni na Julai Moshi mjini ni baridi kuliko hapo, na Machame, Kibosho au Marangu ni baridi zaidi. Badala ya hita moja ya wati 100, chukua mbili za wati 50. Moja ikiharibika na kugoma kuzima, haitapika samaki peke yake. Ikifa, nyingine itashikilia. Weka na kipimajoto tofauti, usiamini namba za hita. Januari na Februari, feni ndogo inayopuliza juu ya maji husaidia kushusha joto.

Pampu ya mzunguko isukume maji ya tangi lote mara 10 hadi 20 kwa saa. Kwa lita 80, hiyo ni pampu ya lita 800 hadi 1,600 kwa saa. Ielekeze juu kidogo ili uso wa maji ucheze. Hili ni muhimu kwetu, kwa sababu mji wetu uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 10 kuliko Tanga, na maji hushika oksijeni kidogo kuliko kule.

Taa iwe ya LED iliyotengenezwa kwa matumbawe. Ndani ya matumbawe wanaishi mwani wadogo wanaotumia mwanga kuwatengenezea chakula. Saa 8 hadi 10 kwa siku zinatosha. Kwa kuanzia, chagua matumbawe laini, yanayoridhika na mwanga wa kiasi.

Mashine ya kutoa uchafu kwa povu inaweza kusubiri. Katika tangi la ukubwa huu lenye samaki wachache, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kunafanya kazi hiyo.

Umeme: hapa usibane matumizi

Piga hesabu ya LUKU kwanza. Hita za wati 100 zikifanya kazi nusu ya siku, taa ya wati 30 kwa saa 9 na pampu ya wati 10 mchana na usiku ni karibu uniti 1.7 kwa siku, au uniti 50 kwa mwezi. Kama mko kwenye daraja la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, tangi linaweza kuwatoa kwenye daraja hilo.

Umeme ukikatika, viumbe huanza kukosa oksijeni kabla ya baridi kuwaumiza. Pampu ya hewa ya betri ni kifaa cha lazima, si cha ziada. Funika tangi kwa blanketi kutunza joto, acha nafasi ya hewa, na usiwalishe mpaka umeme urudi.

Kuhusu usalama, maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya bomba, na matone yake hukauka na kuacha chumvi inayovuta unyevu. Mwite fundi umeme mwenye leseni afunge kifaa wanachokiita RCD, cha miliampia 30, kinachokata umeme unapovuja. Soketi iwe ukutani, juu na pembeni ya tangi, si chini yake. Kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye tundu. Chomoa plagi zote kabla ya kuingiza mkono kwenye maji. Mtoto asiingize mkono bila mtu mzima.

Ngozi, macho na ndoo

Maji ya matangi yanaweza kuwa na bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, anayeingia kupitia mchubuko na kusababisha vidonda visivyopona kwa wiki nyingi. Mwenye kidonda mkononi avae glovu, na kila anayegusa maji anawe kwa sabuni. Usinyonye mpira kwa mdomo wakati wa kutoa maji, wala usioshee vifaa kwenye sinki la vyombo. Kidonda kikikawia, nenda hospitali na umwambie daktari kuwa unafuga samaki. Bila kusikia hilo, anaweza asifikirie ugonjwa huo.

Kuna matumbawe laini ya jamii ya zoanthidi, mazuri kama vifungo vya rangi, lakini baadhi yana sumu kali iitwayo palitoksini. Nyumba yenye watoto haiyahitaji. Na jiwe lolote lililotoka tangini lisichemshwe wala kusuguliwa kwa maji ya moto, kwa kuwa mvuke wake unaweza kubeba sumu hiyo.

Siku ya kubadilisha maji, usiache ndoo wazi. Mtoto mchanga anayeanza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache.

Usivunje bahari kupamba sebule

Matumbawe magumu yako kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Hifadhi zetu za bahari zinalindwa kwa sheria ya mwaka 1994, na uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Usinunue tumbawe lililovunjwa ufukweni. Miamba yetu iliumizwa vibaya na joto la bahari la mwaka 1998, na mabomu ya wavuvi haramu yaliiongezea majeraha. Uliza muuzaji kama kiumbe kimezalishwa tangini. Samaki wa jamii ya Nemo huzalishwa hivyo.

Jiulize pia kuhusu miaka. Samaki huyo akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Mtoto wako wa darasa la kwanza atakuwa anamaliza kidato cha nne, na huenda wewe ndiye utakuwa unabadilisha maji.

Kama hesabu hizi zinakutisha, tangi hilohilo linaweza kufuga samaki wa maji baridi wa Ziwa Tanganyika, wanaotafutwa na wafugaji duniani kote. Wapo wadogo, wasiozidi sentimita 5, wanaoishi na kulea ndani ya makombe ya konokono. Bado utahitaji hita, vipimo na RCD, lakini utaepuka gharama ya chumvi, maji ya RO na taa kali.

Dada yangu hakukata tamaa. Lile tangi la lita 20 sasa ni ndoo ya kuchanganyia maji. Soketi imepanda ukutani, RCD imefungwa, na tangi jipya liko wiki ya tano likiwa na mawe tu. Kila Jumamosi mtoto anaandika namba kwenye daftari lake la hesabu, mama yake akiwa ameshika kichupa cha kipimo. Jumamosi iliyopita aliandika amonia 0, nitriti 0, akaniuliza kama sasa Nemo anaweza kuja.

Nilimwambia waanze konokono. Na likizo ijayo tumekubaliana kusafiri kilomita kama 350 hadi Tanga, halafu Pangani, tupande boti kwenda Maziwe akawaone samaki wa matumbawe kwao.