Adui Aliyejificha Katika Mfereji wa Paa

Askari hufundishwa tangu siku zake za mwanzo kuitazama bunduki yake kila siku, kuifuta, kuipaka mafuta na kuikinga na unyevu. Hapana anayeuliza sababu, kwa maana kila mmoja anajua kutu inavyoweza kumsaliti mtu saa ya shida. Lakini gari linalombeba askari huyo pamoja na bunduki yake, chakula chake na majeruhi wake, mara nyingi hutazamwa chini tu: matairi, breki, oili na maji ya rejeta. Ni wachache wanaopanda ngazi kulitazama paa. Kwa sababu hiyo tumeona vyema leo tuzungumzie sehemu ndogo ya gari ambayo haitajwi sana, nayo ni mfereji wa mvua unaopita pembezoni mwa paa.

Awasse, njia panda ya safari nyingi

Tumechagua kulitazama jambo hili kutokea Awasse, katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Awasse si mji mkubwa, bali ni njia panda. Barabara moja hupanda kwenda Mueda katika nyanda za juu za Wamakonde. Nyingine huteremka hadi Mocímboa da Praia, kwenye bahari ya Wamwani. Na ya tatu huelekea kusini kupitia Macomia, njia ya kwendea Pemba. Anayeishika njia panda hiyo ameshika safari za upande mzima wa kaskazini. Ndiyo maana mahali hapo palipiganiwa. Palianguka mikononi mwa waasi mwaka 2020, na pakakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Julai 2021, siku chache kabla ya mji wa Mocímboa da Praia wenyewe kukombolewa Agosti 8 mwaka huo huo.

Awasse pia pana kituo cha kugawa umeme kwa wilaya kadhaa za kaskazini, zikiwemo Mocímboa da Praia na Mueda. Kituo hicho kiliharibiwa katika mashambulizi ya mwaka 2020, na wilaya hizo zikakaa gizani kwa miezi mingi. Tunalikumbusha jambo hilo kwa sababu linahusu moja kwa moja habari yetu ya leo. Kutu iliyogunduliwa mapema huondolewa kwa brashi ya waya, msasa na kopo la rangi, vitu ambavyo askari yeyote anaweza kuvitumia chini ya mti. Kutu iliyoachwa mpaka ikatoboa bati hudai mashine ya kuchomelea, bati jipya, fundi stadi na umeme. Mahali ambapo umeme unaweza kukatika kwa miezi, tofauti kati ya hali hizo mbili ni tofauti kati ya gari na mzoga wa gari.

Gari lisipokuwepo, mzigo haubaki bila mchukuzi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Chai, kwenye barabara hiyo hiyo ya Macomia, Septemba 25, 1964, shehena zilivushwa Mto Ruvuma na kubebwa vichwani na wanawake na wanaume kwa mwendo wa siku nyingi. Wazee waliobeba mizigo hiyo wanaijua thamani ya gari kuliko sisi tuliolikuta likitungojea.

Mfereji huo ni nini

Katika magari ya aina ya zamani, paa hutengenezwa peke yake, na kuta za ubavuni peke yake. Kisha kingo zake hukutanishwa, huchomelewa kwa nukta nyingi zilizo karibu karibu, na hukunjwa zikawa mfereji mwembamba. Mfereji huo hupokea maji ya mvua kutoka juu ya paa na kuyapeleka pembeni, ili yasimwagike juu ya milango na madirisha. Utauona kwenye Volkswagen Kombi, ambazo ziliendelea kuundwa Brazil hadi mwaka 2013. Utauona kwenye HiAce za miaka mingi, zile zinazobeba abiria katika Afrika nzima ya Mashariki. Na utauona kwenye Land Cruiser za mtindo ulioanza mwaka 1984, ambazo majeshi na polisi wa nchi nyingi huzitumia hata leo.

Penye kukutana kwa mabati hayo mawili pana mwanya. Kiwandani mwanya huo hujazwa gundi maalumu ya kuziba maungio, kisha hupakwa rangi juu yake. Mpaka hapo mambo ni mema. Lakini gundi hiyo huzeeka. Jua kali huikausha, mitikisiko ya barabara mbovu huipasua, na ufa mwembamba kama unywele ukishatokea, maji huvutwa ndani yake. Maji yakiingia katika mwanya mwembamba hayatoki kwa urahisi; hukaa humo hata siku ambayo paa lote limekauka. Chuma, maji na hewa vikikaa pamoja huzaa kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo hutanuka, huyasukuma mabati yakaachana, huufanya ufa kuwa mpana zaidi, na maji zaidi huingia. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Pwani kuna chumvi pia. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani na kuiharakisha kutu mno. Gari linaloshuka Mocímboa da Praia hupigwa na upepo wa bahari. Likirudi bara na samaki wa chumvi juu ya keria, maji ya chumvi hutiririka taratibu moja kwa moja ndani ya mfereji. Kisha barabara huongeza vumbi jekundu, ambalo likichanganyika na maji huwa tope linaloshika unyevu kama sponji.

Askari naye ana sababu zake za pekee. Hulificha gari kwa matawi na nyavu, na majani yakikauka huanguka mferejini na kuoza. Huliegesha chini ya mkorosho kwa siku nyingi. Hufunga kamba za turubai kwenye ukingo wa mfereji, na kamba husugua rangi hadi chuma kikabaki uchi. Hufunga keria ambayo vibano vyake huuma ukingo huo huo. Hayo yote yana sababu njema, na hatusemi yaachwe. Tunasema yana gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa ukaguzi.

Dalili za ugonjwa

Dereva asingoje kuona tundu. Dalili ya kwanza ni michirizi ya rangi ya kahawia chini ya mfereji baada ya mvua. Ya pili ni rangi iliyovimba mfano wa malengelenge. Ya tatu ni gundi iliyopasuka au kubanduka. Ya nne iko ndani: kitambaa cha dari chenye alama ya maji, harufu ya ukungu, au tone linalomwangukia abiria wakati gari linapopinda kona. Katika gari la polisi lenye redio ya mawasiliano, au gari la wagonjwa, tone hilo si dogo. Maji yakiteremka nyuma ya dari hufuata nyaya, na nyaya zikioza redio hunyamaza saa inapohitajiwa.

Ikiwa pana shaka, watu wawili wafanye jaribio jepesi. Mmoja amimine maji kwa birika polepole, akianzia mbele ya mfereji na kwenda nyuma. Wa pili akae ndani na tochi, dari ikiwa imelegezwa. Maji yatasema yenyewe yanapopita. Lakini ikumbukwe kwamba mara nyingi maji huonekana mbali na pale yalipoingilia.

Kuuponya ugonjwa ungali mdogo

Kazi hii yataka siku kavu. Asubuhi mapema huwa na umande, na saa sita bati huwa na moto mkali. Ni vyema kupaka rangi baada ya umande kukauka, gari likiwa kivulini.

Kwanza, mfereji uoshwe kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi, mpaka tope na chumvi zitoke, kisha ukauke kabisa. Pili, gundi yote ya zamani iliyolegea ikwanguliwe kwa bisibisi butu au kipande cha mti mgumu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuogopa kuondoa gundi inayoonekana nzima. Gundi iliyoachia hata upande mmoja huwa ni kifuniko cha maji. Tatu, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, na usuguaji uvuke mpaka wa kutu hadi kwenye rangi iliyo nzima. Anayesugua avae miwani, glavu na kitambaa puani, maana rangi za magari ya zamani huweza kuwa na risasi ndani yake, nayo ni sumu.

Nne, katika vishimo ambavyo brashi haifiki, hupakwa dawa ya kugeuza kutu. Nyingi zina asidi ya fosfori. Nyingine zina tanini. Wenzetu wa pwani wanaijua tanini bila kuijua kwa jina, kwani ndiyo iliyomo katika magome ya mikoko yanayotumika kutengenezea ngozi. Ikikutana na kutu huigeuza kuwa kitu cheusi kilichotulia. Hatumwambii dereva akachemshe magome. Atumie dawa ya kopo, afuate maelezo yake, na kama yanasema dawa ya ziada isuuzwe, basi aisuuze na kukausha. Asidi iliyobaki chini ya rangi huibandua.

Tano, ipakwe praima ya kuzuia kutu, mara mbili, ikiingizwa katika kila pembe kwa brashi ndogo. Sita, praima ikishakauka, maungio yazibwe kwa gundi mpya ya magari inayokubali kupakwa rangi. Gundi hiyo isawazishwe kwa kidole chenye glavu ili isiwe na mabonde ya kutuamisha maji, na isizibe matundu ya kutolea maji yaliyopo pembeni. Silikoni ya madirisha ya nyumba haifai hapa: rangi haishiki juu yake, na aina nyingi zake hutoa asidi zinapokauka. Saba, gundi ikikauka, ipakwe rangi ya gari mara mbili.

Bati likishatoboka

Ikiwa bisibisi inapenya, basi ugonjwa umekomaa. Kuna desturi ya kujaza tundu kwa puti na kupaka rangi, na gari hupendeza kwa majuma machache. Huko ni kumvika maiti shati jipya. Puti huvuta unyevu, na kutu huendelea kula chini yake bila kuonekana. Dawa ya kweli ni kukata bati bovu mpaka kwenye chuma kizima na kuchomelea kiraka.

Kabla ya kuchomelea, kitambaa cha dari kiondolewe, nyaya zisogezwe, betri ifunguliwe, mafuta, baruti na risasi vitolewe garini, na mtu asimame na kizimamoto. Magari yamewahi kuteketea kwa cheche moja iliyodondokea nyuma ya dari. Baada ya kuchomelea, upande wa ndani upakwe nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu, kwani joto huwa limeunguza rangi ya pande zote mbili.

Panapokuwa hapana umeme wala fundi, faibaglasi au kiraka cha bati kilichofungwa kwa ribiti na gundi huweza kulifikisha gari mahali panapostahili. Hiyo ni bendeji, na bendeji hubadilishwa. Iandikwe katika daftari la gari ili mwenye kulipokea asije akadhani kazi imekwisha.

Kinga ni kazi ya kila juma

Kinga haina gharama kubwa. Mfereji ufagiliwe kwa brashi laini kila juma, na kila mara nyavu na matawi yanapoondolewa. Matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Gari likitoka pwani lisuuzwe paa. Na kwa kuwa maji ni ya tabu katika nyanda za juu za Mueda, ndoo moja inayomiminwa taratibu mferejini yafaa kuliko kumi zinazomwagwa kwenye milango. Chini ya vibano vya keria pawekwe kipande cha mpira, na vibano vifunguliwe kila baada ya miezi michache ili kutazama kilichomo. Samaki na mizigo yenye maji vitandikiwe turubai. Mkwaruzo mpya upakwe rangi siku ile ile. Na kabla ya mvua za mwisho wa mwaka kuanza, kila gari likaguliwe paa kwa ngazi, na jina la mkaguzi liandikwe.

Jambo la mwisho tunawaambia makamanda. Dereva mara nyingi huliona tatizo kwanza, lakini huogopa kulisema asije akadhaniwa ndiye aliyeliharibu gari. Dereva anayeripoti ufa wa gundi astahili kushukuriwa na kupewa msasa na rangi, si kuulizwa maswali ya kumtisha. Akinyamaza leo, kesho gari la wagonjwa litasimama njiani kati ya Mueda na Awasse, mvua ikinyesha, likiwa na mtu ndani yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mahali ambapo bati, umeme na fundi havipatikani kila siku, huenda hata ukuta huo usijengeke. Basi ndugu dereva, kabla ya kuwasha gari kesho asubuhi, tafuta ngazi.