Tabora haina mlima mrefu, lakini inagawa maji kama mlima

Ukipita Puge, karibu katikati ya barabara ya Nzega kwenda Tabora, utatafuta mlima mpaka uchoke. Utaona mashamba, miembe na vilima vya mawe ya matale. Basi.

Kumbe hapo ulipo uko juu tayari. Uwanda wa Unyamwezi uko takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo iliupanda kwa wiki nyingi.

Kwa nini pako tambarare? Mwamba wa hapa ni mkongwe, una zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mvua na jua vimeula, vikabakiza vilima hivyo vya mawe. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, ni volkano, na mbele ya mwamba huu ni mtoto wa juzi tu.

Lakini kazi ya mlima inafanyika. Mto Igombe unaelekea magharibi hadi Malagarasi na Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo hutoka kwenda mto Kongo na Atlantiki. Kaskazini, mto Manonga unaelekea Wembere, Ziwa Kitangiri, kisha Ziwa Eyasi. Huko hakuna pa kutokea: maji yanakaushwa na jua, inabaki chumvi.

Shida ni kiangazi. Mlima mrefu una ukungu na msitu wa mvua unaolisha vijito hata mvua zikikatika. Huku mvua ikiisha, kwenye Mei hivi, mito mingi inakauka. Kinachopunguza kasi ya maji yapate kuzama ardhini ni misitu ya miombo, ileile ya mninga na asali ya Tabora. Ndiyo pia inayokatwa kwa mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Miti ikiisha, mvua inakimbia na udongo, na mabwawa yanajaa tope.

Ndiyo maana Nzega, Igunga na Tabora sasa zinaletewa maji ya Ziwa Victoria. Ila uso wa ziwa uko kama mita 1,134, chini kuliko uwanda wenyewe. Hayawezi kuteremka yenyewe kama ya mlimani. Yanasukumwa kwa pampu kuanzia Ihelele, wilayani Misungwi, na pampu zinataka umeme kila siku.