Ngozi ya sangara na ndoto ya ujana: umbo ndilo huamua

Mwanza wanamwita sangara, Kisumu mbuta, Kampala mputa. Samaki ni yuleyule wa Ziwa Victoria, na safari yake ni ileile: minofu hupelekwa ng'ambo, mabondo huuzwa China, ngozi na mifupa hubaki kuwa mabaki ya kiwanda.

Ngozi hiyo ina kolajeni, protini inayoipa ngozi ya binadamu uimara. Kolajeni ya samaki na ng'ombe sasa inauzwa madukani kama unga wa kurudisha ujana. Je, ahadi hiyo ni ya kweli?

Jibu limo katika umbo. Kolajeni nzima ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba, kila uzi ukiwa na asidi amino zipatazo 1,000. Mzigo huo haupiti utumboni. Mlango wa peptidi katika utumbo hupitisha zile zenye asidi amino 2 au 3 tu.

Ndiyo maana viwanda huikata kwa vimeng'enya. Vipande vingi humeng'enywa kama protini ya maharage au nyama. Lakini prolini ikifuatana na haidroksiprolini, kipande hicho hakikatiki kwa urahisi: asidi hizo zina umbo la pete, na vimeng'enya vingi hushindwa kuzitenganisha. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walikikuta katika damu ya watu waliokula kolajeni iliyokatwa. Baadaye maabara ilionyesha kwamba kinachochea ukuaji wa seli za ngozi ya panya.

Asidi zilizomo nazo zina uzito. Peptidi zenye histidini au tairosini huweza kutuliza radikali huru, chembe zinazochakaza seli. Mfano ni karnosini ya nyama, iliyogunduliwa Urusi mwaka 1900, yenye asidi amino 2 tu. Hata hivyo, damu ya binadamu ina kimeng'enya kinachoivunja. Kinachofaulu maabara si lazima kifaulu mwilini.

Majaribio kadhaa kwa watu yameonyesha ngozi ikiongezeka unyevu na mnyumbuko kwa kiasi, lakini mengi yamegharimiwa na watengenezaji wenyewe. Hakuna ushahidi kwamba unga huo hurefusha maisha ya binadamu. Jua kali na sigara huharibu kolajeni, na kujikinga navyo hakuhitaji kopo la bei ghali.

Kwa mnunuzi, swali la kwanza liwe hili: kolajeni hii imekatwa au ni nzima? Kwa serikali zetu, swali ni jingine. Kenya, Uganda na Tanzania tayari zinakutana Jinja, katika Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, kujadili samaki mmoja. Ngozi yake nayo inastahili kujadiliwa: ithibitishwe kwa utafiti, ipewe viwango vya pamoja na ichakatwe hapa hapa. Vinginevyo tutaendelea kuitupa, kisha kununua unga wa kigeni kwa fedha nyingi.