Karata yenye alama ni sawa na refa aliyenunuliwa

MWANZA. Siku ya mechi pale CCM Kirumba, mpira huanza vijiweni kabla ya filimbi. Mashabiki wa Pamba Jiji hukaa kivulini, wakabishana kuhusu kikosi na kukumbushana ubingwa wa mwaka 1990, huku karata zikigawiwa. Ni albastini au lasti kadi, na anayefungwa ananunua soda.

Shida ni karata zenyewe. Pakiti moja inachezewa mwaka mzima kwa mikono yenye jasho, vumbi na mafuta ya samaki. Kona zinakatika, migongo inachubuka. Taratibu wenyeji wanazikariri: yenye mkunjo ni saba ya kopa, iliyotoboka ni kumi ya shupaza. Mgeni anafungwa mara tano mfululizo, anaanza kuuliza maswali, na hapo ugomvi hauko mbali. Hata aliyeshinda kihalali hakuna wa kumwamini.

Na karata si jambo geni kwa mtu wa soka. Kocha huambiwa "achange karata zake vizuri", na straika anayetokea benchi ni "karata ya turufu". Turufu, kopa, shupaza, pau na uru ni maneno yenye asili ya Kireno, kumbukumbu ya wageni waliofika pwani yetu kuanzia mwaka 1498.

Kinga ndiyo beki namba moja. Nawa mikono ukimaliza sato wako, ndipo ushike karata. Tandika kitambaa juu ya meza au benchi, maana mbao na saruji hukwangua migongo. Mkimaliza, zirudishe kwenye boksi na kulifunga kwa mpira wa manati; unyevu wa ziwa hupindisha karatasi. Karata za plastiki zinafutwa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Za karatasi zisiguswe na maji kabisa.

Zikianza kunata, zikamate zote kwa pamoja, sugua kingo kwa raba ya shule, kisha pakaza poda kidogo na kuipangusa. Zilizopinda zilazwe usiku kucha chini ya kitabu kizito.

Kona iliyofumuka inatibika, kwa sababu karata ya karatasi huwa ni matabaka yaliyogandishwa. Chovya kijiti cha meno kwenye gundi nyeupe ya mbao, pitisha katikati ya matabaka, futa inayozidi, funika kwa nailoni ili isigande mahali pengine, halafu weka uzito juu hadi asubuhi. Selotepu ni kujifunga mwenyewe: inaongeza unene, na kesho kila kidole kitaijua karata hiyo.

Imepotea moja? Pakiti ina karata 52 na joka za ziada. Joka ndiye mchezaji wa akiba: mwandike kwa kalamu jina la aliyepotea, upande wa uso tu, na kijiwe kizima kishuhudie. Lakini mgongo wake ukiwa mpya kuliko wenzake, naye atajulikana.

Kipimo cha mwisho ni rahisi. Zilaze karata zote kifudifudi, muite mwenyeji, muulize anazitambua ngapi. Akitaja hata tatu, pakiti hiyo imestaafu. Changeni, mnunue nyingine kabla ya mechi ijayo. Bei yake ni ndogo kuliko urafiki wa kijiwe.