Mchele Huu Umetoka Wapi? Bei na Asili ya Chakula Kasongo na Kabambare

Katika soko la Kasongo mchele hauna jina. Umemwagwa ndani ya beseni au juu ya turubai, kopo limesimamishwa katikati, na mnunuzi anauliza bei ya kopo tu. Akijibiwa, anatazama beseni la jirani, anaomba apunguziwe kidogo, anaongezwa gao moja la bure, anaenda zake. Hakuuliza mchele ulilimwa wapi wala ulifika kwa njia gani. Katika Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, maswali hayo mawili ni maswali ya pesa, kwa sababu hapa barabara huchangia bei ya chakula karibu sawa na shamba lenyewe.

Kasongo na Kabambare ni nchi ya mpunga. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, watu hufyeka. Mvua zikirudi mwezi wa tisa hupanda, mara nyingi pamoja na mahindi na muhogo. Ni mpunga wa nchi kavu unaotegemea mvua, bila mifereji, na hukaa shambani takriban miezi minne. Mchele wake unaliwa nyumbani na unauzwa mbali: Kindu, zaidi ya kilomita 200 kaskazini, na kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, ndani ya Kabambare, ambako maelfu ya wachimbaji hawalimi lakini lazima wale.

Upande wa pili upo mchele uliovuka bahari. Pakistan, India, Thailand na Vietnam hupeleka mchele mwingi Afrika, nayo Tanzania huuza wa kwake kwa majirani. Mfanyabiashara wa Kabambare anayeshuka Lulimba na Misisi hadi Baraka, au yule wa Kasongo anayepeleka mzigo Kalemie, anaukuta huko ukiwa katika mifuko ya kilo 25 iliyoshonwa kwa mashine. Fikiria safari ya mfuko mmoja uliotoka bandari ya Karachi: meli hadi Dar es Salaam, reli au lori hadi Kigoma, mashua hadi Kalemie, gari-moshi la SNCC, shirika la reli la Kongo, hadi Samba, kisha kuvuka mto Lualaba kuingia Kasongo. Kila kituo kina mpakiaji, mlinzi, ushuru na siku za kungoja, na wote hao hulipwa na anayenunua kopo la mwisho. Mchele wa kijiji cha jirani umefika sokoni juu ya baiskeli inayosukumwa, na gharama yake kubwa ni jasho la mtu mmoja.

Mpunga wenyewe uliwahi kuwa mgeni hapa. Uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji. Kabambare ilikuwa kituo chao njiani. Nyangwe na Kasongo zikawa makao, na Kasongo ndiko Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikojenga nguvu zake kuanzia miaka ya 1870. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja na jeshi la kamanda wa kikoloni Dhanis lilipouteka mji huo Aprili 1893, aliandika kwamba walikuta maghala yaliyosheheni mchele, mahindi na kahawa, na bustani za machungwa, mapera na maembe kila upande. Neema ile ililimwa kwa mikono ya watumwa, na haifai kuisifu bila kusema hilo. Baadaye Wabelgiji waliugeuza mpunga, pamoja na pamba, kuwa zao la lazima; amri ya kulimisha watu kwa nguvu ilitolewa mwaka 1917. Kituo cha utafiti cha Yangambi kikatoa mbegu zake, na mojawapo, R66, inajulikana na wakulima wa Kongo hata leo. Wali wa maulidi na pilau ya Idi vinavyopikwa Kasongo, mji wenye Waislamu wengi kuliko miji mingi ya Kongo, vina historia hiyo yote nyuma yake.

Kujua asili ya chakula si kazi ya kupenda cha kwetu peke yake. Mwaka 2012, mashariki mwa Ujerumani, watu wapatao 11,000, wengi wao watoto wa shule, waliugua kuhara na kutapika kwa siku chache. Wachunguzi walifuata mnyororo wa vyakula vya shuleni mpaka wakafika kwenye shehena moja ya stroberi za kugandishwa kutoka China. Mwaka 2015 Australia nayo ikapata wagonjwa wa homa ya ini aina ya A waliohusishwa na mchanganyiko wa matunda ya barafu yaliyoagizwa kutoka nje. Wananchi walikasirika, na kanuni mpya za kuandika nchi ya asili kwenye vyakula zikaanza Julai 2016, kisha kuwa za lazima Julai 2018. Kule Ujerumani shehena ilipatikana kwa sababu kila mkono uliopokea stroberi zile ulikuwa umeandika zilikotoka. Mchele ukishamwagwa kwenye beseni, maandishi hayo yamekufa.

Ndiyo maana mfuko ni wa kusomwa kabla haujafunguliwa. Nchi ya asili huandikwa, mara nyingi kwa Kifaransa au Kiingereza, na jina la muagizaji aliye Bukavu au Dar es Salaam lisichukuliwe kuwa ndiyo asili. Asilimia iliyochapishwa mbele nayo ina maana: 5 ni kwamba kati ya punje mia, tano hivi ni chenga, 25 ni kwamba robo nzima ni chenga. Mifuko miwili yenye uzito mmoja na inayotoka nchi moja inaweza kutofautiana bei kwa sababu hiyo tu, na mnunuzi asiyeiona tarakimu hiyo atadhani amepata rahisi. Chenga si chakula kibaya. Uji wa mtoto na vitumbua haviulizi punje ndefu. Kosa ni kuzilipia bei ya punje nzima.

Halafu kuna uzi. Mifuko mitupu ya mchele wa Asia huuzwa tena na hutiwa chochote, ukiwemo mpunga wa kijijini, na hakuna ubaya katika hilo maadamu muuzaji anasema ukweli. Mshono wa kiwandani hufuata mstari mmoja, ukikatwa pembeni unafunguka wote kwa kuvutwa. Mshono wa mkono una hatua zisizolingana na fundo mwishoni. Ukiona fundo, maandishi ya nje hayathibitishi tena kilichomo ndani.

Kipimo ndicho kinachowapotosha wengi. Kopo lililobonyezwa chini hupunguza, kopo lenye kilima huongeza, na mikono miwili haijazi sawa. Anayenunua kwa ajili ya familia kubwa, mgahawa au karamu afanye jambo moja mara moja tu: apime kwenye mizani kopo la muuzaji wake wa kila siku, ajue lina gramu ngapi, kisha bei zote azigeuze kuwa za kilo. Hapo ndipo mfuko wa kilo 25 na beseni la sokoni vinaweza kulinganishwa.

Hata bei ya kilo haijamaliza. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kilo ya mchele wa kijijini ni franka 2,000 na kilo ya mchele wa mfuko ni 2,300. Ule wa kwanza ukipoteza sehemu moja ya kumi kwa mawe, pumba na punje nyeusi, kilo inayoingia sufuriani imegharimu franka 2,222, na bado ni nafuu. Upotevu ukifika asilimia 15, imegharimu 2,353, na unafuu umepotea, bila kuhesabu muda wa mama aliyekaa na ungo akichagua. Mchele wa zamani nao, kama ule uliokaa miezi mingi ghalani na melini, hunywa maji mengi zaidi ya mchele mpya na hutanuka zaidi; sufuria hujaa mapema na wali hutoka punjepunje. Mama mwenye watoto wengi anaposema mchele wa mfuko unavimba anasema kweli. Lakini kilichoongezeka ni maji, na njaa ya saa kumi jioni itatoa jibu lake.

Hapa lazima mchele wa Maniema uambiwe wazi kasoro yake, kwa sababu inaweza kuondolewa. Mpunga ukianikwa chini, mawe huingia. Ukianikwa juani kupita kiasi, au ukilowa na kukauka tena, punje hupasuka ndani kwa ndani na kuvunjika mashineni. Mashine ndogo za kukoboa, zile za chuma zinazosugua kila kitu kwa mkupuo mmoja, hupasua punje nyingi na kuzisaga kuwa unga. Mashine nzuri hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele katika kilo 100 za mpunga. Mbovu hushuka chini ya hapo, na hasara hiyo humwangukia mkulima kwanza, kisha mlaji. Turubai chache kijijini zingefanya zaidi kwa sifa ya mchele wa Kasongo kuliko matangazo. Kwa afya, mchele uliotwangwa kinuni una jambo ambalo ule mweupe wa mfuko hauna: sehemu ya ganda la ndani hubaki, na ndani yake mna vitamini B1, ambayo sehemu yake kubwa huondolewa na ukobozi mkali.

Nchi ya asili pia huamua ni nani anayeweza kuipandisha bei bila kukuuliza. Tarehe 20 Julai 2023 serikali ya India, nchi inayotoa takriban asilimia 40 ya mchele unaouzwa kati ya mataifa, ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati. Ndani ya wiki chache bei za Thailand na Vietnam zilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa karibu miaka 15, na wanunuzi wa Afrika walilipa tofauti. Marufuku iliondolewa Septemba 2024, bei zikaanza kushuka. Juu ya hayo kuna dola. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa chini ya franka 1,000 za Kongo. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,700. Mfuko wa Karachi hununuliwa kwa dola na kupanda nazo. Mpunga wa jirani hununuliwa kwa franka, na hupanda hasa kwa sababu ya msimu: rahisi baada ya mavuno, ghali miezi ya kungojea mavuno mengine. Familia yenye mahali pakavu pa kuhifadhia ingenunua mpunga, si mchele, mara baada ya mavuno. Mpunga wenye ganda lake huhifadhika vizuri zaidi, na hukobolewa kidogo kidogo.

Barabara nayo ikikatika, hesabu zote hupinduka. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 Kasongo ilitengwa na miji mingine, na gari-moshi kwenda Kindu lilianza tena kutembea mwaka 2004 tu. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, viwanja vyao vya ndege vilifungwa, na Maniema ikapoteza mlango wa bidhaa iliouzoea. Nyakati kama hizo kitu cha mbali hupanda, na kitu cha karibu kisichopata njia ya kutokea hubaki kwa mkulima, akikiuza kwa hasara.

Kinachosemwa juu ya mchele ni kweli kwa vyakula vingine pia; samaki naye ana hesabu yake. Yule wa barafu anayeitwa Thomson katika masoko mengi ya Kongo huvuliwa Atlantiki, wengi wao kwenye maji ya Namibia, na Kongo ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa nchi hiyo. Mahali ambapo umeme wa gridi haupo, friza huendeshwa na jenereta au mionzi ya jua, na kila siku ya kumhifadhi ni mafuta yanayoongezwa kwenye bei. Akiyeyuka njiani na kugandishwa tena hulainika, macho huzama, na barafu nyekundu ya maji ya damu huonekana chini ya katoni. Huyo asinunuliwe hata akishushwa bei nusu.

Ndakala, yaani dagaa wa ziwa Tanganyika, wanaopanda kutoka Kalemie na Baraka wamekauka, na kilo moja yao imetokana na kilo tatu hadi nne za samaki wabichi. Kwa hiyo kilo ya ndakala isiwekwe sambamba na kilo ya Thomson, ambaye ndani ya uzito wake mna kichwa, miiba, maji na barafu. Ndakala nao wana msimu wao, na serikali zina amri zao: Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaane. Mwenye duka Kabambare anayefuata habari za ziwa hujaza akiba yake mwezi wa nne, wakati magunia bado yanashuka Baraka kwa wingi.