Mshipi Kwanza, Ufito Baadaye

Tunawaandikia kutoka Missoula, jimbo la Montana, Marekani. Sisi ni baba, mama na watoto wanne. Gazeti hili tulilisoma miaka mingi pale Nyarugusu, likipita mkono kwa mkono hadi karatasi inachakaa. Barua hii tumeiandika pamoja mezani, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Baba alisema, "Msinifiche. Semeni na yale ya kuchekesha."

Tunajua kwamba wengi wenu safari zenu zilikwama Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Hatuandiki ili kuwatamanisha. Tunaandika juu ya vifaa vya kuvulia samaki, maana katika kuvichagua tulijifunza jambo ambalo lingetufaa hata tukiwa kambini.

Mvuvi asiye na ziwa

Baba ni mvuvi wa Baraka, huko Fizi. Alianza kuvua ndagala kwa taa ya karabai akiwa bado mtoto. Tulipokimbilia Tanzania, ziwa likabaki nyuma. Wenyewe mnajua: bila kibali hutoki kambini, na Nyarugusu haina ufuo. Miaka ikapita, mikono ya Baba ikashika jembe na matofali.

Familia za Kongo zilianza kufika Missoula mwaka 2016. Na sisi tulipofika, tulikuta mto mkubwa, Clark Fork, unapita katikati ya mji. Watu wamesimama ndani ya maji, wanapeperusha uzi mrefu hewani, mbele na nyuma, kama mtu anayechunga ng'ombe kwa kiboko. Baba alisimama darajani saa nzima. Kwa wakati ule kila kitu alifundishwa na watoto: basi, simu, barua za shule. Mto tu ndio aliodhani anaujua. Akasema, "Hapa nitawafundisha mimi."

Kosa la dola 15

Jumamosi moja Baba akakuta ufito wa kuvulia kwenye mauzo ya vitu vya mitumba. Mzuri, unang'aa, dola 15. Akaununua. Wiki iliyofuata akanunua mshipi dukani, ule wa bei ya chini. Muuzaji hakumwuliza una ufito gani, na Baba hakujua kwamba kuna la kuuliza.

Tukaenda mtoni familia nzima. Mama alibeba sufuria kabisa! Baba akarusha. Mshipi ukaanguka miguuni pake kama kamba mbichi. Akarusha tena, ukamzunguka shingoni. Watoto tulicheka, halafu tukaona uso wake, tukanyamaza. Siku hiyo alirudi nyumbani bila kusema neno, na ufito akauweka nyuma ya mlango mwezi mzima.

Jirani yetu, mzee aliyevua mito hii maisha yake yote, ndiye aliyeuona. Akasoma maandishi madogo juu ya mpini, akatabasamu. Ufito ule ulikuwa namba 8, wa samaki wakubwa wenye nguvu. Mshipi ulikuwa namba 5. Havikuwa vya nyumba moja.

Siri iko kwenye mshipi

Kule ziwani, anayevua kwa ndoana hufunga chubwi, na uzito wa chubwi ndio unaoipeleka ndoana mbali. Hapa chambo ni nzi wa bandia: manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya kijindoana. Uzito hana. Kinachobeba safari ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kiasi. Uzito wa mshipi unaupinda ufito, na ufito ukinyooka unaurusha mbele. Mshipi mwepesi kwenye ufito mgumu haupindi kitu. Ndiyo maana Baba aliaibika, wala si kwa kukosa ufundi.

Basi haya ndiyo tuliyojifunza, kwa yeyote anayeanza:

1. Jua kwanza unavua nini na wapi. Kwa samaki wa mito hii, trauti, wengi huanzia namba 5, ufito wa futi 9, yaani karibu mita 2.7.

2. Namba ya ufito na ya mshipi zilingane. Chagua mshipi unaoelea, wenye uzito zaidi upande wa mbele. Kama pesa ni kidogo, usibane kwenye mshipi.

3. Gurudumu la kukunjia mshipi lisikumalize pesa. Kwa trauti wa kawaida kazi yake kubwa ni kutunza mshipi.

4. Mbele ya mshipi hufungwa uzi wa nailoni unaopungua unene kuelekea kwenye nzi, kwa kawaida futi 9. Uzi huu una namba zake pamoja na herufi X. Angalieni: namba ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba. 4X au 5X inamtosha anayeanza.

5. Nzi wachache tu. Mzee alitupa aina mbili za kuelea na mbili za kuzama, akasema zinatosha mwaka mzima.

6. Suruali za mpira za kuingilia majini zinaweza kusubiri. Tulivua tukiwa ukingoni. Mwezi wa tano na wa sita theluji ya milimani inayeyuka, mto unajaa na maji ni baridi ya kuua. Mtoto asiingie.

Seti iliyokwisha kulinganishwa, kwa anayeanza, mara nyingi ni kati ya dola 100 na 200. Sisi hatukuwa nazo. Mzee alituazima ufito namba 5, na mshipi wa Baba ukapata mwenzake.

Leseni nayo ni kifaa

Hili tunalisema kwa herufi kubwa: USIVUE BILA LESENI. Montana unatakiwa kuwa na leseni ya uhifadhi na leseni ya kuvua, na bei ya mkazi unaipata baada ya kukaa jimboni siku 180 mfululizo. Karatasi zetu bado zilikuwa zinashughulikiwa, hatukutaka kosa hata dogo. Tulisubiri siku zitimie, tukihesabu kwenye kalenda ya ukutani.

Samaki wa kwanza wa Baba alikuwa mkubwa. Mama tayari alikuwa anatafuta kisu. Kijana wetu akainama, akatazama pezi la mgongoni: halina doa jeusi hata moja. Alikuwa amesoma kitabu cha sheria. "Baba, huyu ni bul trauti. Anarudishwa." Samaki huyo analindwa na sheria ya Marekani tangu 1998, maana amepungua sana.

Baba alimshika majini muda mrefu, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka alipopata nguvu. Akafungua mikono. Usiku tulikula maharage. Baba akasema, "Kumbe mwanangu naye ni mvuvi."

Kilichobaki mkononi

Mikono ya mzee jirani siku hizi inatetemeka, kufunga uzi kwenye tundu la nzi kunamshinda. Baba anamfungia. Mafundo aliyojifunza Baraka hayakumtoka, na vijana wa mtaa wetu wanakuja kukaa kwenye ngazi zetu awafundishe. Kiingereza chake bado kidogo, lakini fundo halihitaji maneno mengi.

Ndugu, hata wewe uliyepata mtaji mdogo na unataka cherehani au vifaa vya kinyozi, jiulize kama sisi tulivyopaswa kujiuliza: kifaa hiki kinalingana na kipi nilicho nacho? Kinatumika wapi? Sheria inasemaje? Nani amekitangulia, nimwulize? Kung'aa si sababu ya kununua.

Ule ufito wa dola 15 bado upo nyuma ya mlango. Mama anaanikia soksi.

Tusalimieni wote. Na wazee wa Baraka na Uvira walioko huko, wakalisheni wajukuu chini wawafundishe mafundo, hata kwa kamba ya mfuko wa unga.