Kucheza ruksa, kutengeneza marufuku

Mtengenezaji wa gemu aliye Tehran akijaribu kupakua injini ya Kimarekani, mara nyingi hafiki hata kwenye kitufe cha kupakulia. Anapokelewa na ukurasa mtupu wenye namba 403: seva imepata ombi lake, imetazama anwani yake ya mtandao, imegundua yuko Iran, imemkatalia. Hakuna ofisa wa forodha wala barua ya serikali. Vikwazo tunavyovisikia kwenye taarifa ya habari vikitajwa pamoja na mafuta na mabenki, kwake vimekuja kwa sura hiyo.

Injini ya gemu ni programu inayobeba kazi nzito iliyo nyuma ya mchezo: mwanga, kivuli, sauti, mpira unavyodunda, kamera inavyomfuata mchezaji. Timu ndogo isiyo na injini italazimika kuandika yote hayo yenyewe kabla ya kuugusa mchezo. Mbili zinazotamba sokoni, Unity ya San Francisco na Unreal ya Epic Games iliyoko Cary, North Carolina, ziko chini ya sheria za Marekani. Na zote mbili mtu mdogo huzitumia bure. Unreal iliondolewa ada mwaka 2015. Epic hudai asilimia 5 pale tu gemu inapokuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 1. Sasa kama hakuna hata senti inayovuka mpaka, biashara iliyozuiwa ni ipi? Kanuni za Marekani kuhusu Iran haziishii kwenye fedha. Zinakataza kuipelekea nchi hiyo bidhaa, teknolojia au huduma bila kibali cha OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha inayosimamia vikwazo, na huduma ya bure nayo ni huduma.

OFAC haihitaji kuthibitisha kwamba kampuni ilikusudia kukosea. Sheria iliweka faini ya hadi dola 250,000 kwa kosa au mara mbili ya thamani ya muamala, ile iliyo kubwa zaidi, na kiasi hicho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Anayekiuka kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Aprili 2023 Microsoft ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 3 kwa kuwa programu zake, kupitia wauzaji wa kati, ziliwafikia wateja wa Cuba, Iran, Syria na Urusi. Mwanasheria wa kampuni akipiga hesabu, huku faini, kule mwanafunzi asiyeingiza chochote, uamuzi hauna ugumu: funga nchi nzima. Kwa maoni yangu hapa ndipo vikwazo vinapouma kuliko sheria ilivyoandikwa. Kampuni hukaa mbali na mstari uliochorwa, na wale walioachwa katikati hawana pa kukata rufaa.

Maana sheria yenyewe ina milango. Tangu 1988, kwa marekebisho yanayoitwa kwa jina la mbunge Howard Berman, vitabu, filamu na muziki havimo kwenye vikwazo, mradi kazi iwe imekwisha kukamilika. Filamu ya Kiirani huonyeshwa New York bila kosa; programu ya kuitengenezea haimo kwenye msamaha huo. Kisha tarehe 23 Septemba 2022, wiki moja baada ya kifo cha Mahsa Amini kilichozua maandamano, OFAC ilitoa Leseni ya Jumla D-2 ili kuwasaidia Wairani kuwasiliana. Orodha yake inataja mitandao ya kijamii, mikutano ya video, ramani, na hata michezo ya mtandaoni. Injini za kutengenezea michezo hiyo haizitaji. Kijana wa Isfahan ameruhusiwa waziwazi kucheza. Kuhusu kutengeneza, wakili wa kampuni anabaki kukisia, na wakili anayekisia hufunga.

Zamani isingeuma hivi. Programu ilikuja kwenye CD, na Iran, ambayo haijajiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ilikuwa na nakala za bei chee za karibu kila kitu. Nakala hizo bado zipo. Ila injini ya leo ni akaunti: leseni huthibitishwa na seva, michoro na sauti hununuliwa kwenye duka lake, masasisho hayaishi. Nakala iliyovunjwa kufuli inamfaa anayejifunza. Siku akitaka kuuza nje, msambazaji akamwomba leseni, yule aliyekuwa tayari kulipa tangu mwanzo hana cha kuonyesha.

Basi watu huzunguka. Wapo wanaotumia VPN, na wapo wanaotumia huduma za humohumo kama Shecan. Mtumiaji anafungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta, anafuta anwani za DNS (seva zinazoelekeza jina la tovuti lilipo) za kampuni yake ya intaneti na kuandika mbili za Shecan. Akiomba tovuti iliyomfungia, ombi linapitia seva ya kati, na tovuti inadhani mgeni katokea kwingine. Trafiki iliyobaki inafuata njia yake ya kila siku. Hata hivyo ni kinyume cha masharti ya leseni, na akaunti inaweza kufungwa pamoja na kazi iliyomo. Serikali ya Iran nayo hufunga kutokea ndani: Google Play ilizuiwa huko kuanzia Septemba 2022 hadi Desemba 2024. Mahasimu wasioelewana kwa lolote wanamfungia mtu yuleyule.

Kwa upande wa kampuni, Julai 2019 GitHub, ghala ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, iliwazuia watumiaji wa Iran, Syria na Crimea wasizifikie hazina zao za faragha. Lakini haikuishia kufunga. Iliomba kibali OFAC, na Januari 2021 ikatangaza kuwa imekipata kwa Iran. Kampuni yenye mawakili wa kutosha kufunga nchi inao pia wa kuandika ombi.

Kwa sasa nafuu iko kwenye programu huria. Godot, iliyoanzia Argentina na kuachiwa wazi mwaka 2014 kwa leseni ya MIT, haikudai akaunti wala haina seva ya kuuliza uko wapi. Unaipakua, unaanza kazi. Inapokwama ni kwenye PlayStation na Switch, ambazo zana zake hutolewa kwa mkataba wa siri na kwa hiyo haziwezi kuwekwa ndani ya programu iliyo wazi kwa wote.

Sisi tusio kwenye orodha tumo pia. Masharti hufuata programu popote ilipo: studio ya Nairobi au Dar es Salaam ikimwajiri mchoraji aliye Shiraz na kumpa nafasi kwenye akaunti yake ya timu, imevunja masharti iliyoyakubali bila kuyasoma, na akaunti iliyo hatarini ni ya studio. Jirani zetu Wasudani waliishi na vikwazo vya aina hii tangu Novemba 1997 hadi Oktoba 2017.

Na gemu ikishakamilika bado kuna kulipwa. Visa na Mastercard hazifanyi kazi Iran, kwa hiyo wapo wanaouza ndani kupitia duka la Cafe Bazaar, wapo wanaosajili kampuni Uturuki au Falme za Kiarabu, na wapo wanaohama. Garshasp, gemu ya shujaa wa hekaya za Kiajemi iliyotoka 2011, ilijengwa Tehran juu ya OGRE, programu huria ya kuchora picha. Dead Mage, studio iliyotokana na kundi lililoitengeneza, ilitoa Children of Morta mwaka 2019 kupitia msambazaji wa Poland, 11 bit studios, ikiwa na anwani ya Texas.